Kamati imepiga marufuku wanyama wote kwenye fleti zetu Malindi. Je, ina uwezo huo?

BiNesi

Assalaam alaykum, na msiokuwa wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Naomba msaada, hasa kama humu mna mwanasheria au mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya jengo. Nakaa Malindi, upande wa Casuarina, katika jengo la fleti 16. Fleti yangu iko ghorofa ya pili na ni mali yangu. Niliinunua kwa kiinua mgongo changu cha uuguzi pamoja na fungu langu la shamba la mikorosho aliloliacha marehemu baba. Ada ya matunzo nalipa kila mwezi na risiti ninazo zote.

Nina paka mmoja, jike. Alikuwa wa dada yangu aliyekuwa akikaa Langoni, Lamu. Dada alipofariki nyumba ilifungwa kwa sababu watoto wake wote wako mbali, na yule paka akawa analala dakani, mbele ya mlango uliofungwa, kila mtu akipita anamwona. Sikuweza kumwacha pale. Nikamtia kikapuni, tukavuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi la Malindi. Ni wa aina ile mnayoijua wa Lamu, miguu mirefu, kiuno chembamba, kichwa kidogo. Amefungwa kizazi, ana kadi ya chanjo, na hatoki nje ya mlango wangu. Veranda nimeizungushia wavu. Majirani wengine hawakujua nina paka mpaka ugomvi huu ulipozuka.

Ugomvi haukuanza na paka, ulianza na mbwa. Mpangaji wa ghorofa iliyo chini yangu ana mbwa mkubwa, na fleti anayokaa ni ya mmiliki aliye Italia. Mbwa huachiwa asubuhi ashuke mwenyewe uani, akapitia ngazi ya mbele, akakojoa pale chini kwenye kona. Hiyo ndiyo njia ya watu wanaotoka kwenda kuswali alfajiri. Siku moja jirani yangu mmoja alikuwa ameanika sajada yake kwenye kamba ya uani, mbwa akaivuta chini akailalia. Pakatokea maneno makubwa, ya dini na ya makabila, maneno ambayo watu wanaoishi chini ya paa moja hawapaswi kuambiana. Mimi nilikuwa upande wa mwenye sajada, na bado niko upande wake.

Baada ya hapo mwenyekiti wa kamati akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kuanzia mwisho wa mwezi haruhusiwi mnyama wa aina yoyote ndani ya jengo, awe mbwa, paka, kasuku au sungura. Atakayekaidi atatozwa shilingi 5,000 kila mwezi juu ya ada yake, na akiendelea atakatiwa maji. Watu wanne wakaweka vidole gumba. Nilipouliza mkutano ulifanyika lini, mwenyekiti akajibu kwamba kundi ndilo mkutano, na aliyenyamaza amekubali. Mkumbuke kwamba fleti 7 kati ya 16 ni za Waitaliano ambao huja Desemba mpaka Machi, wengine Agosti, na wengi wao hawasomi Kiswahili kilichoandikwa kwenye lile kundi. Fleti nyingine tatu ni za watu wa Nairobi.

Sasa naulizia haya. Je, kamati inaweza kutunga sheria namna hii? Faini hiyo na kukatiwa maji kuna msingi gani? Na mpangaji mwenye mbwa, ambaye si mmiliki, anafungwa na kanuni za jengo au anafungwa na mwenye nyumba wake tu?

Nawaomba msinijibu kwamba ni paka tu, nimpeleke sokoni atakula vichwa vya samaki. Najua watu wataandika hivyo. Yule mnyama amezoea chumba, amezoea sauti ya mtu, na ndiye kiumbe wa mwisho aliyeishi na dada yangu. Halafu mimi si mtu wa kupuuza hatari ya wanyama. Nimewahi kumuuguza kijana aliyeng'atwa na mbwa, akaletwa wodini dalili zimeshaanza, akawa anaogopa hata maji ya kikombe. Hatukuwa na la kumfanyia. Kwa hiyo nataka jengo langu liwe na kanuni za wanyama, tena kali. Ninachokataa ni kanuni inayomfunga asiyemkera mtu kwa sababu ya aliyewakera watu, na iliyotungwa bila sisi wenye mali kuitwa.

---

Wakili_wa_Pwani

Shikamoo Bi Nesi, na pole kwa msiba wa dada.

Kabla ya yote toa karatasi zako kabatini, kwa sababu jibu linategemea una karatasi gani. Kama una hatimiliki ya sehemu yako mwenyewe, basi jengo lenu linaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, namba 21 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuifuta ile ya 1987. Chini yake wamiliki wote kwa pamoja ni shirika, na kamati ni mikono tu ya shirika hilo. Lakini kama una mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni inayosimamia jengo, kinachokufunga ni maneno ya mkataba uliotia saini na katiba ya kampuni hiyo. Sheria mpya iliipa mikataba ya namna hiyo miaka 2 igeuzwe kuwa hati za sehemu, ila yako majengo ambayo mpaka leo hayajafanya hivyo.

Tuseme una hati. Kanuni za ndani za jengo hazibadilishwi na mwenyekiti, wala na kamati nzima ikikaa. Hubadilishwa kwa azimio maalumu, yaani mkutano ulioitishwa kwa utaratibu, na waliounga mkono wawe si chini ya asilimia 75 ya wote wenye haki ya kupiga kura, tena wawe wanashika si chini ya asilimia 75 ya viwango vya sehemu za jengo zima, yaani mafungu ya umiliki yaliyogawiwa kila fleti. Nasema ya wote, wala si ya waliohudhuria. Kwa fleti 16, ikiwa kila fleti ina kura moja, mnahitaji 12. Vidole gumba vinne haviko karibu na hapo, na aliye Italia ambaye hakujibu hahesabiwi kuwa amekubali. Hata azimio likipita, halina nguvu mpaka lipelekwe kwa msajili wa ardhi likaingizwe kwenye kumbukumbu za jengo.

Kuhusu faini na maji, waandikie barua uwaulize ni kifungu gani cha kanuni zilizosajiliwa kinachowapa uwezo huo. Wasipokitaja, faini hiyo haina pa kusimama. Mpangaji naye anafungwa na kanuni za ndani sawasawa na mmiliki, kwa hiyo suala la mbwa mnaweza kulishughulikia bila kungoja mwenye fleti arudi kutoka Italia.

Jambo moja la kukutahadharisha. Soma kanuni za mwanzo, zile alizosajili mjenzi kabla hujanunua. Kama zimekataza wanyama tangu mwanzo, umenunua fleti pamoja na katazo hilo, na kazi yako itakuwa nzito zaidi, maana wewe ndiye utakayehitaji kura 12 za kuliondoa.

---

BabaMwanaidi

Bi Nesi mimi nitasema upande wa pili, na nakuomba unisikilize kwa sababu naona wewe ni mtu wa haki.

Nakaa fleti za Barani, ghorofa tatu, nimepanga. Mama yangu mzazi nakaa naye, umri wake umepita themanini. Juu yetu kuna mtu ana mbwa wawili. Mama akishatia udhu anashuka pole pole kwenda barazani kwa mwenzake waswali pamoja, na mara ngapi amekutana na hao mbwa ngazini, akalambwa mkono au buibui! Sisi ni Mashafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi. Bibi wa umri ule inabidi arudi juu ngazi zote, aoshe mara saba, moja kwa mchanga, na wakati wa sala umeshakwenda. Mwenye mbwa anasimama pale anamwambia, "Usiogope, hang'ati." Hatuogopi meno peke yake. Tumemweleza hilo kwa upole, tumemweleza kwa ukali, hajalielewa au hataki.

Unasema ukataze tabia, usikataze mnyama. Kwetu hiyo kanuni ipo, imebandikwa mlangoni, imeandikwa vizuri kabisa: mbwa afungwe kamba, asiachiwe ngazini, asichafue. Nani ameisimamia? Mlinzi analipwa na mwenye jengo, na mwenye mbwa ndiye anayempa mlinzi pesa ya chai. Kanuni ya tabia inataka mtu wa kusimama kila asubuhi pale ngazini, lakini kanuni ya kukataza inaonekana kwa macho: mnyama yupo au hayupo. Ndiyo maana watu wanaikimbilia. Hawamchukii paka wako. Wamechoka.

Paka sina neno naye. Kila mtu hapa Pwani anajua paka si najisi. Abu Qatada, Mungu amridhie, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, kisha akaeleza kwamba Mtume amesema hao ni katika wanaotuzunguka majumbani. Lakini ukimwambia yule mpangaji mbwa atoke na paka abaki, atasema mnambagua kwa dini yake, na hapo ugomvi utakuwa mbaya kuliko wa sajada.

---

Nilitoka_Brescia

Habari zenu. Nimefanya kazi Italia miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Malindi, na naweza kuwaambia kwa nini hao Waitaliano watashangaa wakisoma hilo tangazo. Kwao jambo hili limeshaamuliwa na sheria. Mwaka 2012 walipitisha sheria namba 220 ya kurekebisha mambo ya majengo ya umiliki wa pamoja, ikaanza kutumika Juni 2013, na kifungu cha 1138 cha kanuni zao za madai kikaongezewa mstari mmoja: kanuni za jengo haziwezi kumkataza mtu kumiliki au kuweka mnyama wa nyumbani. Wafaransa walifanya kama hivyo mapema zaidi, mwaka 1970.

Lakini nimeishi katika majengo yale, na ruhusa ya kufuga haikuwa ruhusa ya kukera. Mbwa alitembea na kamba kwenye ngazi na lifti, mwenyewe akibeba mfuko wa kuokotea uchafu. Mbwa akibweka usiku, unaandikiwa barua. Yule mpangaji wenu hangeweza kumwachia mbwa ashuke peke yake hata kule kunakosemwa kuna uhuru.

---

Wakili_wa_Pwani

Ahsante kaka kwa hilo la Italia, ila tusije tukampoteza Bi Nesi. Sheria ya Italia inatumika Italia. Mmiliki Mwitaliano akiwa Casuarina anafungwa na sheria ya Kenya na kanuni za jengo lake, na akiitaja ile ya kwao mkutanoni ni maoni tu.

Mahakama za nchi mbalimbali nazo hazikubaliani. Oktoba 2020 Mahakama ya Rufaa ya New South Wales, Australia, ilifuta kanuni ya jengo la Horizon la Sydney iliyokataza wanyama wote. Mlalamikaji alikuwa Jo Cooper, mwenye mbwa mdogo aitwaye Angus. Majaji walisema kanuni inayomkataza mtu mnyama ambaye hamwathiri jirani yeyote ni ya kukandamiza. Lakini California mwaka 1994, mama mmoja, Natore Nahrstedt, alikuwa na paka watatu wasiotoka nje ya fleti, karibu sawa na hali ya Bi Nesi, na akashindwa katika Mahakama ya Juu ya jimbo. Majaji walisema kanuni ilisajiliwa kabla hajanunua, na hupimwa kwa maslahi ya jengo zima, haipimwi kwa upole wa paka wa mtu mmoja. Baadaye bunge la California ndilo lililotunga sheria ya kumruhusu mwenye fleti kuweka walau mnyama mmoja.

Angalia tofauti iliyo katika kesi ya California: kanuni ilikuwapo na ilisajiliwa. Ndiyo maana narudia, Bi Nesi, tafuta karatasi.

BabaMwanaidi, kuhusu mama yako: wewe umepanga jengo la mwenye nyumba mmoja, kwa hiyo njia yako si ya shirika la wamiliki. Kero ya mbwa ngazini unaweza kuipeleka kwa mwenye jengo kwa barua, na ikishindikana kwa afisa wa afya ya umma, maana uchafu wa wanyama katika njia ya watu ni kero chini ya Sheria ya Afya ya Umma.

---

Mamu_Langoni

Bi Nesi, Mungu amrehemu dada yako. Kama ni nyumba ninayoidhania, yule paka nimemlisha mimi pia pale dakani, mara dagaa, mara mabaki ya wali. Nimefurahi kusikia amepata kwao.

Nataka kusema kitu kwa wanaosema mbona Lamu paka wamejaa na hakuna kamati. Lamu paka ni wa mtaa. Wavuvi wanarudi, paka wako pale gatini wakingoja. Mchana wanalala barazani, usiku wanashughulika na panya. Haja zao wanafanya mchangani, magofuni, wanakojua wenyewe. Paka wa fleti hana mahali hapo. Haja yake yote inabaki ndani ya kuta zako. Kwa hiyo ukienda mkutanoni, watu hawatakuuliza kuhusu Lamu, watakuuliza kuhusu harufu na mchanga. Je, ule mchanga unautupa wapi? Binti yangu anakaa Mombasa, jirani yake alikuwa anaumwaga chooni, bomba la ghorofa nzima likaziba, na paka ndiye aliyelaumiwa.

Na hata huku kwetu si kwamba paka hawana taabu. Wengi ni wagonjwa, macho yanatoka usaha, watoto wao wanakufa. Waliofungwa kizazi wanaishi vizuri zaidi. Kwa hilo la kumfunga kizazi umefanya jambo jema.

---

Daktari_wa_Mifugo

Nimesoma yote. Nafanya kazi ya mifugo na wanyama wa nyumbani huku Kilifi, nitaongeza ya upande wangu.

Mchanga wa paka usimwagwe chooni kamwe. Uzolewe kila siku, utiwe mfuko wa kufunga, uende na taka. Ukizolewa kila siku hata ile hofu ya vijidudu vinavyowadhuru wajawazito inapungua sana, kwa sababu vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi tangu kutoka tumboni mwa paka mpaka viweze kumwambukiza mtu. Mjamzito mwenyewe asizoe, afanye mtu mwingine.

Kuhusu kichaa cha mbwa, Bi Nesi ameeleza kwa uchungu na ni kweli. Dalili zikishaanza, ni kifo karibu kila mara. Watu wanaokufa kwa ugonjwa huu karibu wote, kiasi cha asilimia 99, waliupata kwa mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kuutokomeza kwa binadamu ifikapo 2030, na njia kuu ni kuchanja mbwa, kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudia kila mwaka. Aking'atwa mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Paka naye anaweza kuupata, kwa hiyo kadi ya chanjo ya paka wako ibebe mkutanoni waione.

Naomba niseme na hili kwa sababu nimeona linavyokwenda. Ugomvi wa namna hii ukikosa mahali pa kusemewa, mtu huamka usiku akatega nyama yenye sumu. Nimeletewa wanyama waliokula sumu hiyo, hufa kwa mateso makubwa, na wakati mwingine anayeiokota ni mtoto. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360. Kama kuna mtu katika kundi lenu ametaja sumu hata kwa mzaha, ujumbe huo uhifadhiwe.

---

BiNesi

Nawashukuru nyote. Nilikaa kimya kwa sababu nilikwenda kutafuta karatasi, na kisha nilikwenda kuongea na watu.

Wakili, hati ninayo, ni ya sehemu, yenye jina langu. Na kanuni zilizosajiliwa nimezipata kwa mwenyekiti wa zamani aliyehamia Watamu. Kifungu cha wanyama kipo. Kinasema mwenye sehemu au mpangaji asiweke mnyama atakayekuwa kero au hatari kwa wakaaji wengine. Basi, hakisemi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mbwa anayekojoa ngazini ameshakatazwa tangu jengo lijengwe, na paka wangu hajakatazwa mpaka leo. Faini haimo. Maji hayatajwi popote.

Lakini BabaMwanaidi, maneno yako yamenikaa. Ni kweli kwamba kifungu hicho kilikuwapo siku zote na hakikumsaidia jirani yangu wa sajada. Nilimwendea nyumbani kwake. Tukakaa, tukanywa kahawa, akanieleza kwamba kilichomuuma zaidi si sajada. Alipomlalamikia mwenyekiti mara ya kwanza, aliambiwa avumilie kwa sababu ile fleti ya Mwitaliano hulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Akavumilia. Alipochoka ndipo mwenyekiti akaruka kutoka kutofanya chochote mpaka kukataza hata kasuku. Huyo mama hataki paka wangu atolewe. Alinionyesha sahani anayowawekea paka wa uani mabaki ya samaki.

Tumeandika naye pamoja nyongeza ya kifungu. Mbwa apite ngazi ya nyuma tu, akiwa na kamba iliyoshikwa na mtu mzima, na ngazi ya mbele iwe ya watu. Kila mwenye mbwa au paka apeleke nakala ya kadi ya chanjo kila mwaka, ihifadhiwe kwenye faili la jengo. Uchafu ukionekana sehemu za pamoja, gharama ya kuosha siku hiyo iwe juu ya mwenye mnyama, na malalamiko yaandikwe kwenye daftari la mlinzi yakiwa na tarehe. Malalamiko matatu yakithibitishwa, suala liende kwa kamati ya kutatua migogoro, bila kumngoja mwenyekiti aamue kama anamwogopa mtu au hamwogopi. Hilo la daftari ni la yule mama, na naona ndilo linalomjibu BabaMwanaidi, maana kanuni isiyo na mahali pa kuandikiwa ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mpangaji wa mbwa nimeongea naye pia. Alisema hakuna aliyewahi kumweleza jambo la najisi, alidhani watu wanaogopa kung'atwa. Ameanza kupita nyuma. Sijui kama ataendelea, ndiyo maana nataka iandikwe.

Mwenyekiti amekubali kuitisha mkutano, kwa shingo upande. Sasa swali langu la mwisho kwa Wakili. Tunahitaji kura 12 na tunaokaa hapa ni wachache. Mmiliki aliye Italia anaweza kumpa mtu mwingine kura yake? Na je, naweza kuwa mimi, ikiwa jambo lenyewe linanihusu?

---

Wakili_wa_Pwani

Anaweza. Kura hupigwa na mwenyewe au na mwakilishi aliyemteua kwa maandishi yenye sahihi. Ujumbe wa sauti usiukubali. Na ndiyo, mwakilishi anaweza kuwa wewe, ila kwa usalama mwombe yule mama wa sajada abebe baadhi ya hizo kura. Mwenyekiti akitaka kulalamika kwamba mwenye paka amekusanya kura za Waitaliano, hatapata pa kushika.

Tangazo la mkutano libebe maneno kamili ya nyongeza mliyoandika, kwa Kiswahili na tafsiri ya Kiitaliano, ili mtu asije akasema hakujua anaombwa kupigia nini kura. Nilitoka_Brescia, hapo unaweza kusaidia. Azimio likipita, kumbukumbu za mkutano na orodha ya kura ziende kwa msajili, msiziache kwenye droo ya mwenyekiti.

Na ile barua ya kupinga faini usingojee mkutano. Iandike wiki hii, kabla ya mwisho wa mwezi, taja kifungu cha wanyama kama kilivyosajiliwa, na nakala yako isainiwe na aliyeipokea. Wakikukatia maji kabla ya hapo, nenda na barua hiyo kwa wakili yeyote mjini, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapo hapo Malindi.

---

Nilitoka_Brescia

Tafsiri nitaifanya bila malipo. Nitumie maandishi ndani, Bi Nesi.

---

BabaMwanaidi

Bi Nesi, yakipita nitumie na mimi hayo maneno ya ngazi ya nyuma na ya daftari. Jengo letu nalo lina ngazi ya nyuma, imejaa mitungi ya gesi na baiskeli mbovu. Kesho naanza na mwenye jengo aitoe hiyo mitungi.